Chaki, krayoni, rangi ya uji, donge la unga au mchanga: mtoto wa miaka 2 hadi 5 acheze na nini nyumbani?

Mtoto ambaye hajafika umri wa darasa la awali anashinda nyumbani, na mikono yake haitulii. Asipopewa kitu cha kuchora atachora ukutani, asipopewa kitu cha kufinyanga atakwenda kwenye debe la unga. Anayeshinda naye, awe mama, baba, bibi au dada wa kazi, anataka kujua ampe nini leo bila kugeuza nyumba uwanja wa vita. Hapa tunalinganisha michezo mitano inayowezekana katika nyumba ya kawaida ya Arusha au Moshi, kwa vitu vya duka la mtaani, vya Soko la Kilombero au vya Mbuyuni.

Kwanza, mambo ya kuangalia kabla ya kuchagua

La kwanza ni mkono wa mtoto. Usianze na umri. Mpe kipande cha chaki umtazame anavyokishika. Akikibana kwa kiganja chote kama anavyoshika mwiko, bado anachora kwa bega, na anahitaji nafasi kubwa. Akikishika kwa vidole vikielekea chini huku kiwiko kimeinuka, yuko njiani. Wengi huwa hivyo kati ya miaka 2 na 3. Akikishika kwa gumba, kidole cha shahada na cha kati, jambo linaloanza kuonekana kuanzia miaka mitatu na nusu au minne, anaweza kazi ndogo ndogo. Michoro nayo ina mpangilio wake: kwanza kuchorachora, karibu na miaka 3 duara, karibu na 4 msalaba na mtu mwenye kichwa kikubwa ambaye miguu yake inatokea kichwani, karibu na 5 pembetatu. Watoto hupishana kwa miezi mingi hapo, na kupishana huko si ugonjwa.

La pili ni dakika. Hesabu za kuandaa na za kusafisha pia. Mtoto wa miaka 3 akikaa na kitu kimoja kwa dakika kumi amekaa sana. Kama usafi unachukua dakika thelathini, hutaurudia mchezo huo kesho, na mkono hupata nguvu kwa kurudia.

La tatu ni mahali, maji na hali ya hewa. Chumba kimoja cha kupanga si sawa na nyumba yenye uwanja kule Machame. Kuanzia Machi hadi Mei mvua za masika zinafunga watu ndani. Juni na Julai Arusha ni baridi. Januari na Februari Moshi ni joto, na kila kitu cha unga huchacha upesi.

La nne ni hatari, hasa kwa mtoto ambaye bado anatia kila kitu mdomoni.

Chaki, sakafuni au ubaoni

*Mkono unapata nini.* Chaki inakwaruza, na ule mkwaruzo humwambia mtoto ni nguvu kiasi gani ametumia. Hili ndilo jambo zuri kuliko yote kwa chaki, na halipo kwenye kalamu laini. Ivunje iwe vipande vya sentimita 3 hivi. Kipande kifupi hakishikiki kwa kiganja, kwa hiyo vidole vitatu hujipanga vyenyewe bila wewe kumkazania. Akichora kwenye ubao uliosimama, kifundo cha mkono hukunjika kwa nyuma, na huo ndio mkao atakaouhitaji kuandika.

*Maandalizi.* Sakafuni ni dakika moja: fagia, mpe vipande vitatu. Sakafu iwe ya saruji yenye chembechembe, kama baraza au njia ya kuingilia. Kwenye niru chaki inateleza na mstari hauonekani. Kwenye sakafu iliyopakwa polishi haishiki kabisa kwa sababu ya nta. Vigae navyo visahau. Ukitaka ubao, kata plaiwudi ya sentimita 60 kwa 90, piga msasa, paka rangi ya ubao mara mbili ukiacha ikauke vizuri katikati. Utundike ili katikati yake iwe usawa wa macho ya mtoto. Kabla hajaugusa, upake wote chaki kwa kuilaza ubavu, kisha ufute. Usipofanya hivyo mchoro wa kwanza utaacha kivuli kisichotoka.

*Kinachoharibika.* Mtoto akichoka kuchora, watu wengi hukusanya chaki na mchezo umekwisha. Kumbe hapo ndipo unapoanza: chora barabara mbili zenye kona kwa ajili ya gari la kopo, au miduara sita ya kurukia kutoka huu kwenda ule. Chaki ikichovywa kwenye maji kwa dakika moja hutoa rangi kali zaidi, lakini humumunyika haraka na huingia ndani ya vitundu vya saruji, kwa hiyo kuifuta ni kazi.

*Usafi.* Kitambaa kibichi. Usifagie vumbi la chaki likiwa kavu, linapanda hewani.

*Hatari.* Vumbi hilo ni baya kwa mwenye pumu. Zaidi ya hapo hakuna kubwa, ila vipande vifupi havimfai anayemeza vitu.

*Inamfaa* mtoto anayechora kwa mwili mzima, na kaya zinazotumia uwanja mmoja, kwa sababu watoto wa jirani huingia mchezoni bila kualikwa. Haifai siku ya mvua kama huna ubao ndani.

Krayoni na karatasi

*Mkono unapata nini.* Usahihi na subira: karatasi ina mwisho, na mtoto anajifunza kusimama kabla ya ukingo. Krayoni nene ni za mwenye mkono wa kiganja. Nyembamba ni za mwenye vidole vitatu. Penseli za rangi zinahitaji mkandamizo mkubwa kuliko krayoni ili rangi ionekane, kwa hiyo mtoto wa miaka 3 huchoka nazo na kuziacha. Maka peni ya wino usiofutika iache kabisa. Ikishika ukuta au kochi, imeshika.

*Maandalizi.* Dakika mbili. Toa krayoni nne tu, nyingine zifiche, maana pakiti nzima ikiwa mezani mtoto atazimwaga na kuzipanga badala ya kuchora. Bandika karatasi kwa selotepu pembe zote nne. Ikitembea, mtoto hutumia mkono wa pili kuizuia na kukasirika. Karatasi si lazima ununue rimu. Steshenari nyingi zina karatasi zilizochapwa vibaya upande mmoja, waombe, lakini hakikisha hazina taarifa za watu. Kalenda za mwaka uliopita ni kubwa na nzuri kwa upande wa nyuma usiong'aa. Upande unaong'aa krayoni inateleza. Mfuko wa saruji, hata ukikung'utwa, usitumie. Vumbi la saruji huchoma ngozi na macho.

*Kinachoharibika.* Asubuhi za Julai pale Arusha krayoni inakuwa ngumu na kutoa mstari hafifu. Mtoto anadhani mkono wake una tatizo. Mwambie aifikiche kiganjani kidogo, nta inalainika. Zikivunjika usizitupe; zimenywe karatasi ya nje zitumike kwa ubavu.

Na hapo kwenye ubavu kuna mchezo mmoja tunaoupenda kuliko wa kuchora kitu chenyewe. Chuma jani la mparachichi au la mwembe, liweke mezani mishipa ikiangalia juu, lifunike kwa karatasi nyepesi, kisha laza krayoni iliyovuliwa na uipitishe juu polepole kuelekea upande mmoja. Kwanza unatokea mshipa wa katikati, halafu vitawi vyake, mwishowe ukingo wa jani, kana kwamba karatasi ilikuwa imelificha. Kipande cha jani la mgomba hutoa mistari iliyonyooka ya sambamba. Mtoto wa miaka 3 atahitaji umshikie karatasi, wa miaka 4 anafanya mwenyewe na atazunguka uwanja mzima kutafuta majani. Mkanye mawili: asiguse ua wa minyaa, utomvu wake ukiingia jichoni ni hatari, na kwa walioko Uchagani, asichume masale ya mpakani, yale yana kazi yake.

*Usafi.* Karibu hakuna. Krayoni ikigusa ukuta uliopakwa rangi ya mafuta, sugua kwa kitambaa chenye sabuni kidogo. Kwenye ukuta wa chokaa haitoki, ni kupaka upya.

*Hatari.* Kumeza vipande. Basi.

*Inamfaa* mwenye nafasi ndogo, mtoto anayependa kukaa, na safari za kliniki au za basi. Haimfai asiyetulia, ukimlazimisha ataichukia karatasi mapema.

Rangi ya uji, ya kupaka kwa vidole

*Mkono unapata nini.* Hapa hakuna cha kushika, kwa hiyo hata mwenye miaka 2 anaweza. Vidole hufanya kazi kimoja kimoja, na macho yanaona rangi mbili zikizaa ya tatu.

*Maandalizi.* Dakika kumi na tano, na upoe. Changanya vijiko 4 vya chakula vya unga wa ngano na kikombe kimoja na nusu cha maji ya baridi, koroga mpaka madonge yaishe, ndipo ubandike kwenye moto mdogo. Koroga dakika 4 hadi 5 mpaka uwe uji mzito unaoacha njia nyuma ya mwiko. Tia kijiko cha chai kimoja cha chumvi, gawanya vikombe vitatu, weka matone machache ya rangi ya chakula kila kimoja. Unga ukimwagwa kwenye maji yanayochemka, kama mtu anayesonga ugali, madonge hayataisha.

Manjano ya jikoni hutoa rangi nzuri sana, ila doa lake kwenye nguo halitoki kwa kufua mara moja. Nguo ianikwe juani, jua hulififisha. Maji ya kiazi chekundu cha bitiruti nayo yanapendeza siku ya kwanza, baadaye hugeuka kahawia.

*Kinachoharibika.* Karatasi nyembamba inalowa na kuchanika, mtoto analia. Tumia kipande cha boksi. Au, vizuri zaidi, usimpe karatasi mwanzoni: mwagia vijiko viwili vya rangi kwenye sinia, aipake yote, achore kwa kidole, kisha wewe ulaze karatasi juu yake, ubonyeze na kuinyanyua. Picha inabaki kwenye karatasi, sinia linachorwa upya. Mpe rangi mbili kwanza. Akipewa nyekundu, njano na bluu kwa pamoja, ndani ya dakika tatu vyote ni matope ya kahawia.

*Usafi.* Huu ndio mzigo wake: beseni la maji, sabuni, fulana kuukuu ya baba ivaliwe kinyumenyume, turubai au kiroba kilichopasuliwa chini. Siku ambayo maji ya bomba hayajatoka, ahirisha.

*Hatari.* Ndogo, kwa sababu ni uji uliopikwa. Baada ya siku mbili au tatu huchacha, ukinuka, mwaga.

*Inamfaa* mtoto mdogo, na asiyeongea sana lakini anapenda kugusa. Kuna watoto wasiovumilia mikono michafu, usiwasukume. Mpe brashi, au pamba iliyofungwa kwenye kijiti.

Donge la unga

*Mkono unapata nini.* Nguvu. Kukanda, kubana, kuviringisha kamba, kukata kwa kijiko. Tungeombwa kutaja mchezo mmoja wa kumwandaa mtoto kushika penseli, huu ungekuwa karibu sana na mdomo wetu, kwa sababu mtoto anayeshikishwa mkono kuandika "a" na "e" huku vidole vyake havina nguvu huchoka, hukosea, na hujiona hawezi, ilhali nusu saa ya kufinyanga maandazi ya kujipikilisha kila siku mbili ingempa mkono unaoweza.

*Maandalizi.* Vikombe 2 vya unga wa ngano, kikombe 1 cha chumvi laini, vikombe 2 vya maji, vijiko 2 vya chakula vya mafuta ya kupikia, vijiko 2 vya maji ya limau. Kama chumvi ni ya chembe kubwa, iyeyushe kwanza kwenye maji ya moto. Isipoyeyuka inakwaruza viganja. Changanya vyote kwenye sufuria, pika kwa moto mdogo (jiko la mkaa, punguza makaa) ukigeuza kwa mwiko dakika 4 hadi 6, mpaka donge lijikusanye na kuachana na sufuria. Mimina mezani, acha lipoe hadi lishikike, ulikande dakika 5.

*Kinachoharibika.* Likinata vidoleni halijaiva: lirudishe motoni dakika moja, usikimbilie kuongeza unga. Likimeguka kama ugali wa jana limeiva mno. Kanda na maji, kijiko kimoja cha chai kwa kila mara. Likiwekwa kwenye kopo likiwa la moto hutoa jasho, na jasho huleta ukungu. Likihifadhiwa limefungwa, Arusha wakati wa baridi hufika wiki mbili au tatu. Moshi, iliyo chini ya mita 1,000, likague baada ya wiki moja. Harufu ikibadilika, tupa.

*Usafi.* Rahisi kuliko linavyoonekana: acha makombo yakauke, ndipo ufagie. Ukiyafuta yakiwa mabichi yanajipaka.

*Hatari.* Chumvi ni nyingi. Kulamba si shida, ila kula donge zima ni hatari kwa mtoto mdogo, na kwa mbwa wa nyumbani pia. Mwenye mchubuko mkononi litamwasha. Kwa anayetia vitu mdomoni tumia ugali uliobaki, ulioukanda na mafuta kidogo. Siku hiyohiyo utupwe.

Kuna nyumba ambazo kuchezea unga ni mwiko, au ambazo kilo ya unga ina kazi nyingine. Hizo zisijisikie vibaya. Mchezo unaofuata unafanya sehemu kubwa ya kazi hii bila senti.

*Linamfaa* mtoto wa miaka 3 na kuendelea, siku za masika, na watoto wawili wa umri tofauti, kwa sababu kila mmoja hufinyanga kwa kiwango chake bila kugombania.

Mchanga na udongo

Ndio mchezo wa zamani kuliko yote, na hauhitaji maelezo mengi. Weka mchanga kwenye beseni hadi theluthi, ulowanishe mpaka ukibanwa unashikamana, ongeza kijiti, vizibo vikubwa na kikombe. Kwenye mchanga mtoto anachora kwa kidole, anafuta kwa kiganja, anachora tena, na hakuna kosa linalobaki. Udongo wa mfinyanzi hufanya kazi ya donge.

Kinachoharibika ni ukavu: udongo wetu wa volkano ukikauka ni vumbi jepesi linaloingia machoni, kwa hiyo nyunyiza maji kila mara. Usafi ni kumwogesha. Hatari zinahitaji macho: paka hugeuza mchanga choo, kwa hiyo ufunikwe usiku, mchanga wa ujenzi usitokane na sehemu iliyochanganyiwa saruji, mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula kwa ajili ya minyoo, na ndoo ya maji isiachwe karibu na mtoto peke yake, hata ikiwa na maji kidogo. Unamfaa mwenye uwanja na mtu wa kumwangalia. Haumfai anayeishi ghorofani.

Kulingana na hali yako

Unarudi kazini saa kumi na mbili jioni na una dakika ishirini kabla ya kupika: krayoni nne na karatasi iliyobandikwa mezani jikoni, au donge lililopikwa Jumamosi. Mpe kipande akae karibu nawe akipika "chapati" zake. Rangi ya uji iache kwa wikendi.

Dada wa kazi anaangalia na mtoto mchanga pia: chaki barazani. Mchezo wowote wenye maji mengi unataka mikono miwili ambayo yeye hana.

Mtoto hajafika miaka miwili na nusu na bado anaonja kila kitu: rangi ya uji au ugali. Chaki fupi na vizibo vidogo visubiri.

Mtoto ana pumu: donge, krayoni, au mchanga uliolowana. Kama anataka chaki sana, iwe nje, na ufute wewe kwa kitambaa kibichi.

Mwakani anaanza awali na hataki kushika penseli: donge mara tatu kwa wiki, chaki fupi kwenye ubao uliosimama siku nyingine. Herufi usizitaje kwa mwezi mmoja. Akimaliza kuchora, badala ya kumuuliza "hii ni nini?", mwambie "nieleze picha yako", kisha andika maneno yake chini ya mchoro akikutazama.

Masika, chumba kimoja, mvua tangu asubuhi: pika donge naye, yeye apime unga kwa kikombe, wewe ushike moto. Kupima peke yake kutakula dakika kumi.

Watoto wawili, mmoja miaka 2, mwingine 5: sinia la rangi kwa mdogo, picha za majani kwa ubavu wa krayoni kwa mkubwa, meza moja. Mdogo akitaka krayoni za kaka yake, na atazitaka, uwe umeweka moja nene pembeni kwa ajili yake.